Masanduku ya Sauti ya Handeni

Vijana wa kaunta wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimekubali kwa sharti kwamba wasitarajie habari za vyeo. Nilipandishwa mara kadhaa na kushushwa mara moja, na muda wote huo nilikalia kiti kilekile chenye mguu mbovu. Mishahara waulizwe wahasibu. Mimi nitaandika juu ya masanduku ya sauti, kwa sababu siku ya kuniaga mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema huduma ile haikuwa na faida wala madhara. Hakuwapo. Mimi nilikuwapo, na masanduku ya kwanza ya Handeni niliyafungua kwa vidole vyangu mwenyewe.

Kazi nilianzia Korogwe, katika chumba cha kuunganishia simu, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kudhani najua kuongea. Chumbani kulikuwa na bodi ya mbao iliyojaa matundu, na kila tundu lilikuwa la mteja mmoja: polisi, hospitali, stesheni ya reli, mashamba ya mkonge, maduka machache ya mjini. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kijibati kidogo kilianguka juu ya tundu lake. Unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unachomeka waya wa pili kwa anayetakiwa, unaandika tiketi. Siku yangu ya kwanza nilimuunganisha meneja wa shamba la mkonge na machinjio. Waliongea dakika nzima, kila mmoja akiamini mwenzake amelewa.

Msimamizi wangu alikuwa Mama Agnes Shemweta, Mshambaa mwembamba aliyevaa sweta hata Februari, Korogwe ile ya joto la kuchemsha yai. Alinivua kisikizi kichwani, akawaomba radhi wale mabwana, kisha akanigeukia.

"Mwanaidi, umelijua jina la aliyepiga?"

"Hapana, mama."

"Umejua anamtaka nani?"

"Nilidhani…"

"Kachonge penseli."

Nilichonga penseli hadi saa ya chakula. Kesho yake niliuliza majina.

Mama Agnes alikuwa na daftari gumu la jalada jeusi ambalo halikuwa katika kanuni zozote za shirika. Miaka ile mwenye simu alikuwa mtu mmoja katika kata nzima, na wengine hata huyo hawakuwa naye. Mtu akipiga kutoka Dar es Salaam akitaka mama yake wa Mashewa aambiwe kuna msiba, Mashewa kwenyewe hakukuwa na tundu la kuchomeka waya. Mama Agnes aliandika: nani anasema, amwambie nani, maneno yapi. Kisha alimsomea mpigaji alichoandika, neno kwa neno. Alinakili kwenye kikaratasi, akakipeleka kwa miguu hadi stendi, akampa kondakta wa basi la Mashewa. Kesho yake kondakta aliitwa dirishani.

"Ulimkabidhi nani?"

"Mwenyewe, mama."

"Alisema nini?"

Kama kondakta hakuwa na jibu la swali la pili, Mama Agnes alijua kikaratasi bado kiko mfukoni mwake, na kondakta alijua kwamba Mama Agnes anajua. Ujumbe haukupigiwa alama daftarini hadi jibu lilipopatikana. Nilimwona akikaa na ujumbe mmoja siku nne, anakunja uso kila akipita kwenye rafu.

Hiyo ndiyo shule yangu. Nyingine nilizopelekwa baadaye zilikuwa na chai na vitafunwa.

Kisha yakaja mageuzi. Serikali ikaachia hiki na kile, mashamba yakatafutiwa wenyewe wapya, shirika letu likakatwa vipande, na kila kipande kikapewa mkurugenzi. Watu waliokuwa wakituandikia "Ndugu" wakaanza kutuandikia "Mpendwa Mtumishi", nasi tukajua tunakaribia kufukuzwa. Kontena lilishushwa uani na ndani yake mlikuwa na mtambo mpya usiohitaji opereta. Mafundi waliing'oa bodi ya mbao kwa nyundo. Katika waendeshaji wa chumba kile nilibakizwa mimi peke yangu, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba nina mwandiko mzuri. Mtambo mpya haukuhitaji mwandiko wa mtu.

Kabla wenzangu hawajaondoka tuliitwa sote kwenye semina, katika ukumbi wa hoteli pale Korogwe. Aliletwa mtaalamu kutoka makao makuu, kijana wa suti aitwaye Edgar, aliyekuwa akisema "mteja ni mfalme" kila alipokosa la kusema. Alituletea sanduku la sauti. Alieleza kwamba mwananchi asiye na simu atakodi namba. Jamaa zake watapiga namba ile popote walipo, watasikia sauti yake ikiwakaribisha, wataacha ujumbe, na mtambo utautunza kwa siku kumi na nne. Mwananchi atakwenda kwenye simu yoyote ya vitufe, atapiga kituoni, ataingiza namba ya sanduku, ataingiza namba ya siri, na kusikiliza. Kila mtu atakuwa na simu bila kuwa na simu. Hayo aliyasema mara mbili, akingoja tupige makofi.

Mama Agnes alinyanyua mkono. Alikuwa na barua yake ya kupunguzwa ndani ya mkoba, na alikuja kwenye semina hata hivyo.

"Mwanangu, mtu atajuaje kama ameachiwa ujumbe?"

"Atapiga kuangalia, mama."

"Kila siku?"

"Kila anapohisi."

"Anahisije?"

Edgar alicheka kwa adabu, akasema swali ni zuri, akafungua ukurasa mwingine. Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, na nimejifunza kwamba swali likiitwa zuri ujue halijibiwi.

Nikahamishiwa Handeni kwenda kufungua huduma hiyo. Nilipewa ofisi ya chumba kimoja, meza, simu moja ya vitufe, na nje ya mlango kibanda cha simu ya kadi. Nilipewa pia boksi la vipeperushi, vyote kwa Kiingereza.

Kufungua sanduku kulikuwa hivi, kwa wale wanaodhani lilikuwa jambo la kubonyeza tu. Unapiga kituoni. Unangoja yule bibi wa kwenye mtambo amalize Kiingereza chake, kisha unabonyeza mbili upate Kiswahili, ambacho nacho alikisoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya mende. Unaingiza namba ya sanduku na alama ya reli. Unaingiza siri ya kiwandani, ambayo ni sifuri nne. Unachagua siri yako mpya, tarakimu nne, unairudia. Unataja jina lako baada ya mlio. Unarekodi salamu zako baada ya mlio mwingine. Ukichelewa, mtambo unakukatia na unaanza upya. Kusikiliza ujumbe ni moja, kuutunza ni mbili, kuufuta ni tatu.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa wakubwa, kwa sababu wakubwa hupenda kitu kabla ya kujua kinafanya nini. Ofisa mmoja wa wilaya alilipia sanduku, akarudi ofisini kwake kulijaribu, na baada ya robo saa akaniita. Bibi wa mtambo alikuwa amemwambia abonyeze moja. Simu yake ilikuwa ya kuzungusha. Aliizungusha moja mpaka kidole kikachubuka. Nilipomweleza kwamba simu ile haina cha kubonyeza, alinitazama kama mimi ndiye niliyeinunua. Diwani mmoja alirekodi salamu iliyokuwa hotuba, mtambo ukamkata alipofika "ndugu wananchi". Akarudia mara tano, akifupisha mambo mengine yote isipokuwa "ndugu wananchi". Mwenye duka la vitambaa alimjibu yule bibi kila aliposema "karibu". "Ahsante sana, na wewe." Huyo nilimpenda. Alikuwa mtu pekee aliyeonyesha adabu katika mfumo mzima.

Namba za siri zilinisumbua. Edgar alisema zisiandikwe popote, wala asiambiwe mtu yeyote. Haya, mwambie hivyo mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Nilibuni njia yangu: niliwafundisha kushuka ngazi. Katikati ya vitufe kuna mstari unaoshuka kutoka juu hadi chini, mbili, tano, nane, sifuri. Huhitaji kusoma. Unaweka kidole juu, unashuka. Nusu ya Handeni ilikuwa na siri hiyohiyo, na hakuna aliyeibiwa chochote, maana hakuna mwizi aliyeweza kuuvumilia ule mtambo.

Mmoja wa niliowafundisha ngazi alikuwa Mzee Parmeti, mfugaji wa upande wa nyika, mtu mrefu asiyependa kukaa kwenye kiti. Alikuja siku ya mnada. Mke wake, Nalepo, alichomwa na mwiba mguuni miezi mingi nyuma, kidonda kikakataa kupona, kikafika kwenye mfupa. Hospitali ya wilaya ilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Tanga. Kaka yake Nalepo, Lazaro, mwinjilisti huko Tanga, alimpokea na ndiye aliyekaa naye. Parmeti alimfikisha, akarudi, kwa kuwa mwaka ule malisho yalikuwa yamekauka na mifugo ilikuwa ikisogezwa karibu kila wiki.

"Lazaro amesema kuna kitu hapa kinashika maneno," aliniambia.

"Kipo, mzee."

"Akiniita, nitasikia?"

Nami nikajibu, na jibu hilo nimekaa nalo miaka yote hii, "Utasikia, mzee. Ukija siku ya mnada ukashuka ngazi, utasikia kila kitu." Niliongea kama kipeperushi.

Tulirekodi salamu zake. Alitaja jina lake, akasema kitu kifupi kwa Kimaasai. Alifanya mazoezi ya ngazi kwenye kibanda mara tatu, kidole chake kikubwa kikishuka polepole, na mara zote tatu mlango ulifunguka. Nilimpa namba ya sanduku amtumie Lazaro kwa mtu wa basi la Tanga. Aliondoka ameridhika. Mimi pia niliridhika.

Wiki iliyofuata niliitwa Korogwe kwa semina ya kumhudumia mteja. Tulifundishwa kutabasamu. Nilipokuwa huko natabasamu, makao makuu walifanya matengenezo ya mtambo, na katika kutengeneza wakazirudisha namba zote za siri kwenye ile ya kiwandani, na lugha zote kwenye Kiingereza. Hawakumwambia mtu. Ofisi yangu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, kibanda cha nje kipo wazi, na siku ya mnada ikapita.

Mnada uliofuata nilikuwa mezani. Mzee Parmeti alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, nami nikamwona kupitia dirishani akishuka ngazi. Akasikiliza. Akashuka tena. Akatundika mkono wa simu taratibu, akaja mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, leo tena anasema kizungu."

"Leo tena?"

"Mnada uliopita nilikuja. Ulifunga. Nilishuka, akasema kizungu, nikajua hakuna kitu. Nikaenda."

Nilipiga kwa simu yangu. Nikaingiza sanduku lake na ngazi. Bibi wa mtambo akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba namba hiyo si sahihi. Nikajaribu tena, nikidhani kidole kimeteleza. Kisha nikajaribu sanduku la diwani, na la mwenye duka la vitambaa. Yote yamefungwa. Nikapiga makao makuu, nikapitishwa kwa watu watatu, hadi nikampata Edgar.

"Ni usalama wa mteja, mama," alisema. "Mteja ajaze fomu ya kuomba siri mpya, aitume na kitambulisho. Ndani ya siku saba za kazi tutamjibu."

"Mtamjibu wapi?"

"Kwenye sanduku lake."

Nilikata simu bila kuaga, kosa ambalo Mama Agnes angenichongesha penseli kwa ajili yake. Mzee Parmeti alikuwa amesimama palepale, fimbo begani, akitazama mdomo wangu. Nikainua mkono wa simu tena, na bila matumaini yoyote nikaingiza sifuri nne.

Ikafunguka. Huo ndio uliokuwa usalama wa mteja.

Palikuwa na jumbe tatu. Wa kwanza ulikuwa wa Lazaro, kwa Kiswahili, na ulikuwa na siku tisa. Nilimpa Parmeti mkono wa simu, lakini alinirudishia. Alitaka nimsikilizie na kumwambia. Lazaro alisema madaktari wanataka kukata vidole vya mguu kabla ubaya haujapanda. Wanataka mume atie sahihi. Aje upesi, au apige namba ya hospitali atoe ruhusa. Wa pili ulikuwa wa Lazaro tena, na ulikuwa na siku sita. Sauti ilikuwa imebadilika. Alisema, "Shemeji, umekuwaje? Wanakusubiri wewe. Daktari anakasirika."

Niseme hapa jambo moja juu ya madaktari hao. Nalepo alikuwa mtu mzima, mwenye watoto watano na akili zake zote. Mguu ulikuwa wake. Walimweka kitandani wakisubiri mkono wa mwanamume aliyeko nyikani. Mitambo inabadilishwa, hilo lilikuwa bado halijabadilishwa.

Wa tatu ulikuwa na siku tatu, na ulikuwa wa mwanamke akiongea Kimaasai. Nikampa Parmeti mkono wa simu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, ameegemea ubao wa meza kwa kiganja. Ulipokwisha alinionyesha kwa kidole niurudie. Nikaurudia.

"Ni Nalepo," alisema.

"Anasemaje, mzee?"

"Anasema amechoka kuningoja. Anasema ameweka dole gumba mwenyewe."

Nikafanya nilichojua kufanya. Hospitali ile ya Tanga ilikuwa na opereta aitwaye Zaina, na Zaina na mimi tulikuwa tumeongea karibu kila siku kwa miaka, tangu enzi za bodi, bila kuonana hata mara moja. Nilipiga.

"Zaina, ni Mwanaidi wa Korogwe. Niko Handeni. Kuna mama Mmaasai wodini kwenu, wa mguu, anaitwa Nalepo. Mume wake yuko hapa mbele yangu."

"Usikate," alisema Zaina. Nikamsikia akivua kisikizi, kiti kikisogea, viatu vikienda. Aliacha bodi yake ikiita, akapanda ngazi hadi wodini. Sikukata. Zaina aliporudi alikuwa anahema.

"Yuko hai. Walimfanyia juzi. Wamekata chini ya goti."

"Lazaro alisema vidole."

"Ilikuwa vidole. Sista anasema wangefanya wiki iliyopita wangechukua vidole. Ubaya umepanda."

Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, na nilimwambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Mama Agnes alitufundisha hivyo. Mzee Parmeti alitazama nje, kwenye kibanda.

"Mimi nilikuja," alisema. "Mnada ule nilikuja. Nilishuka."

"Najua, mzee. Ulishuka sawasawa."

Aliondoka siku ileile kwa lori la mbuzi lililokuwa likielekea Segera, ili apate gari la Tanga.

Niliandika ripoti. Niliandika kurasa nne kwa ule mwandiko mzuri ulioniponya. Jibu lilikuja na saini ya Edgar: wateja walitaarifiwa matengenezo kupitia gazeti la Kiingereza, na wafanyakazi wanakumbushwa kuwahimiza wateja kusoma vipeperushi. Kwa siku mbili nilitembea na barua ile mfukoni nikitafuta mtu wa kumsomea. Mwishowe niliipeleka kwa Mama Agnes, Manundu, alikokuwa akifuga kuku baada ya kupunguzwa. Nilimsimulia yote. Nilitarajia anihurumie.

Aliisoma barua, akaikunja, akanirudishia.

"Huyu kijana ni mjinga," alisema. "Lakini yeye hakumfahamu yule mzee. Wewe ulimfahamu. Daftari lako liko wapi?"

"Hatukuruhusiwa…"

"Mimi niliruhusiwa na nani?"

Hakunikaribisha chakula siku ile, mtu aliyekuwa hawezi kumwacha hata mtoza ushuru aondoke bila wali. Nilirudi Handeni na njaa, na kabla ya kufika nyumbani nilinunua daftari.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, niliyapitia masanduku yote ya Handeni moja baada ya jingine. Siri zao zote nilikuwa nazo, kinyume cha kanuni, na wenyewe walikuwa wamenipa kwa midomo yao. Nilimwambia kila mmoja nitakachofanya, na aliyekataa nilimwacha. Waliokataa walikuwa wawili, diwani na ofisa wa simu ya kuzungusha. Penye ujumbe niliandika nani, kwa nani, maneno yapi. Kisha vikaratasi vikaenda: kwa kondakta wa Kabuku, kwa mwalimu anayerudi kijijini kwa baiskeli, kwa wanunuzi wa mbuzi. Kesho yake niliwauliza swali la pili.

Basi makao makuu wakaona kwenye mtambo wao kwamba masanduku ya Handeni yanafunguliwa kila siku kwa uaminifu kuliko ya mkoa mzima. Edgar alikuja mwenyewe, na gari, na mpiga picha. Alisimama kwenye ofisi yangu ya chumba kimoja akasema wananchi wa Handeni wameonyesha mwamko wa teknolojia. Alinipa cheti. Daftari lilikuwa mezani mbele yake, na aliweka kikombe chake cha chai juu yake. Cheti nilikitumia kukinga mguu mbovu wa kiti, na kilifaa.

Mzee Parmeti alirudi pia. Nalepo alikuwa amekwisharuhusiwa, yuko nyumbani. Nilidhani sasa atalifunga sanduku, maana aliyekuwa akimngoja alikwishafika. Hakulifunga. Kila siku ya mnada, akishamaliza shughuli zake, aliingia kibandani, akashuka ngazi niliyomrudishia, akasikiliza ule ujumbe wa tatu, kisha akabonyeza mbili ili mtambo uutunze siku nyingine kumi na nne. Sikuwahi kumwona akikosa. Mara moja nilimuuliza kama Nalepo anajua.

"Hajui."

"Unausikiliza wa nini, mzee, na mwenyewe uko naye?"

"Nyumbani haniambii hivyo," alisema. "Nyumbani ananyamaza."

Haya, kisha ikaja minara. Wa kwanza ulisimama Segera, wengine wakafuata barabara, na ghafla muuza machungwa wa Kabuku alikuwa na simu mfukoni na anaitoa kila baada ya dakika mbili kuitazama. Kibanda changu kikageuka kivuli cha mbuzi. Barua ilifika kwamba huduma ya masanduku inafungwa mwisho wa mwezi na ujumbe wote uliomo utafutika. Aya ya mwisho nimeikariri. Ilinitaka niwajulishe wateja kwa kuwaachia ujumbe kwenye masanduku yao.

Niliwajulisha kwa vikaratasi. Cha Mzee Parmeti nilikiandika kwa uangalifu zaidi: mwisho wa mwezi sauti iliyomo itapotea, aje kabla.

Alikuja siku isiyo ya mnada, na hakuja peke yake. Nalepo alikuwa kando yake, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, anatembelea gongo kwa haraka iliyomfanya mume wake aonekane mzembe. Nilimpa kiti. Aliukagua mguu mbovu wa kiti, akaamua kusimama.

"Huyu amesema kuna sauti yangu hapa," aliniambia kwa Kiswahili cha kukatakata. "Miaka yote hii anaificha. Amesema jana."

Parmeti alitazama sakafu. Nilipiga kituoni, nikashuka ngazi, nikampa Nalepo mkono wa simu. Hakuwa amewahi kuisikia sauti yake kwenye simu. Alisikiliza amekunja uso, kama anamsikiliza jirani mwenye shida ndefu. Katikati alimtazama mume wake, akaendelea kusikiliza. Ulipokwisha aliniomba niurudie, akasikiliza tena hadi mwisho.

Akamwambia Parmeti maneno kwa Kimaasai, si machache, naye akajibu kwa neno moja. Akamwambia mengine. Nilishughulika na droo. Nilipoinua macho, Nalepo alikuwa ameweka kiganja kwenye kifua cha mume wake, juu ya shuka, anamsukuma kidogo, kama mtu anavyomsukuma ng'ombe aliyesimama njiani.

Kisha akanigeukia.

"Huyu mwanamke analalamika sana," alisema. "Anafutwaje?"

"Tatu, mama. Ni hiki hapa, juu, cha mwisho."

Hakumuuliza mtu. Aliegemeza gongo kwenye meza yangu, akabonyeza.